Mama Redio na Mtandao wa Kampuni

Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za mshahara tu. Kuanzia Meneja Mkuu hadi wapakiaji wa mikebe, wote walimwita Mama Redio, ingawa hakuwahi kuzaa, na wengine walipenda kumkumbusha hilo mbele za watu kisha wakacheka wao wenyewe. Alikaa kwenye chumba cha mapokezi cha kampuni ya maziwa, kule mjini, kwenye kiti kilichopasuka ngozi. Kulia kwake kulikuwa na simu ya mezani. Kushoto kulikuwa na redio ya upepo ambayo kwayo ofisi kuu iliongea na vituo vya kukusanyia maziwa huko milimani.

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua sweta, alishika kipaza sauti na kuanza kuita.

"Kituo cha Juu, Kituo cha Juu, hapa ofisi kuu. Unanipata? Ova."

Kilichorudi kilikuwa mkwaruzo kama wa mafuta yanayokaanga. Ndani ya mkwaruzo huo, ukitega sikio vizuri, kulikuwa na karani wa Kituo cha Juu akisema kiasi cha maziwa, ubaridi wa tangi, na kama umeme upo au haupo. Mama Redio aliyatoa maneno hayo kwenye kelele kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Kwa miaka mingi alipiga kelele kazini mpaka akaizoea sauti ya juu hata nyumbani, na jirani zake wa nyumba ya kupanga wakadhani ni mgomvi kwa asili. Lakini alipoinua simu ya mezani sauti ilishuka, ikawa nzito na laini, na wafugaji waliopiga kulalamika walijikuta wanaaga kwa heshima.

Tatizo ni kwamba mvua ikinyesha, redio ilikufa. Betri ya kituo ikiisha nguvu, karani alilazimika kuteremka barabarani na kumtuma dereva yeyote anayepita. Msimu mmoja wa mvua kubwa, umeme ulikatika Kituo cha Juu. Karani aliita tangu alfajiri. Mama Redio alisikia mkwaruzo tu. Lori likapelekwa upande mwingine wa mlima, na maziwa ya kijiji kizima yakachachia ndani ya tangi.

Wafugaji waliteremka nayo mjini. Waliyamwaga mlangoni mwa ofisi, yakatiririka hadi chini ya meza ya mapokezi. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mkebe uliobaki nusu hakuona haja ya kuumwaga sakafuni wakati mtu alikuwepo. Alimmwagia Mama Redio kichwani.

Meneja Mkuu alitoka ofisini kwake, akamtazama yule mfanyakazi wake akidondokwa na mtindi usoni, kisha akawageukia wafugaji.

"Huyu hapa ndiye anayepokea taarifa zote," alisema. "Muulizeni yeye."

Wakamuuliza. Walimuuliza mpaka wakachoka.

Tangu siku hiyo Mama Redio akawa na wimbo mmoja tu. Alikuwa amesoma kwenye gazeti habari za hospitali moja iliyounganisha zahanati zake zote kwa mtandao, daktari akaweza kumwona mgonjwa aliye mbali kama yuko chumba cha pili. Akalikata lile gazeti akampelekea meneja. Akamfuata kwenye ngazi. Akamfuata kwenye maegesho.

"Bosi, ile redio imezeeka. Tuleteeni mtandao. Vituo vikiongea, maziwa hayaharibiki."

"Mama Redio," alijibu meneja siku moja huku akifungua mlango wa gari, "wewe unajua mtandao ni kitu gani?"

"Najua redio ni kitu gani, bosi. Inatosha."

Wenzake walimcheka. Mhasibu akamtungia jina jipya, Injinia, likadumu kama wiki hivi. Lakini yeye hakukoma, na mwaka uliofuata, hasara ilipozidi, bodi ikakubali. Meneja aliliwasilisha wazo hilo kama lake. Mama Redio ndiye aliyepeleka chai kwenye kikao hicho, akasikia, akatabasamu, akamimina. Kwake lililokuwa muhimu ni jambo lenyewe.

Alikuja fundi mtandao, mwanamume mwembamba wa makamo, mwenye adabu, aliyemwita "mama" bila kuongeza redio. Waya wa mkongo ukazikwa barabarani mpaka ndani ya ofisi. Mnara ukasimikwa kwenye kilima nje ya mji, na kutoka hapo mawimbi yakarushwa hadi kwenye visahani vyeupe juu ya mapaa ya vituo. Mama Redio alikuwa akitoka nje na kikombe chake mkononi kuwatazama mafundi walivyovuta nyaya, akiwauliza hili na lile, na aliporudi mezani alikuwa na uso wa mtu anayejengewa nyumba.

Siku ya kujaribu, fundi aliwasha skrini kubwa iliyotundikwa ukumbini. Sura ya mwanamume mwenye pengo la meno ya mbele ikatokea, imekaa karibu mno na kamera.

"Ofisi kuu, mnanipata? Ova!" alipaza sauti kwa mazoea.

Mama Redio aliitambua sauti ile, akashika mdomo. "Karani! Kumbe ndiwe huyo? Mbona u kijana hivyo?"

"Na wewe Mama Redio mbona mdogo? Kwa lile koo lako, mimi nilidhani una mwili wa tangi!"

Wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Watu wawili hawa walikuwa wameongea kila siku ya kazi kwa miaka, na hawakuwa wameonana hata mara moja.

Na ule mtandao ulifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Ubaridi wa matangi ulijiandika wenyewe kwenye skrini. Malori yalionekana yakitembea kwenye ramani. Umeme ukikatika mlimani, simu ya dereva ilipiga mlio kabla karani hajatafuta kiberiti. Mvua ilinyesha ilivyotaka. Maziwa hayakuchacha tena, na wafugaji wakaacha kuteremka na mikebe. Redio ya upepo ikang'olewa, ukutani ikaacha alama ya mraba wa rangi mbichi.

Siku chache baadaye fundi alimwita kwenye stoo ya vifaa. Alikuwa ametundika mablanketi kuta zote ili sauti isirudi. Katikati kulikuwa na kiti, maikrofoni na karatasi ya maneno.

"Meneja anataka sauti yako, mama. Wafugaji wameizoea."

Aliona fahari. Jioni hiyo alikunywa maji ya moto yenye asali, na kesho yake akaja amevaa gauni lake la kijani, kama vile maikrofoni ina macho. Akasoma: "Karibu kampuni ya maziwa. Kwa bei na malipo, bonyeza moja. Kama ng'ombe wako anaumwa, bonyeza mbili. Kwa mengineyo, acha ujumbe baada ya mlio." Akarudia. Akarudia tena yote, pamoja na maneno ya kuaga, kwa furaha kidogo zaidi, kisha kwa utulivu zaidi.

"Polepole, mama," fundi alisema akiwa ameinamia mashine yake. "Hii itatumika muda mrefu."

"Na mimi nitafanya nini ikianza kutumika?" aliuliza, akicheka.

Fundi alizungusha kitufe fulani ambacho hakikuhitaji kuzungushwa. "Hapo waulize wenyewe, mama."

Hakuuliza. Pengine alijua. Au pengine mtu aliyesumbua watu kwa muda wote ule akiomba kitu aliona aibu kuuliza kama kimekuja kumla yeye.

Ijumaa iliyofuata kukawa na mkutano mkuu wa kwanza kwa video. Vituo vyote viliunganishwa, kila karani kwenye kidirisha chake, na nyuma yao wafugaji waliokuja kushuhudia maajabu. Ukumbini mjini walikaa wajumbe wa bodi na wageni kutoka kampuni nyingine waliotaka kuiga. Mama Redio aliitwa mbele. Alidhani anapewa cheti.

Meneja alimshika bega. "Ndugu zangu, mnamjua huyu. Amekuwa daraja letu. Leo tuna daraja jipya, na tunamshukuru kwa kutuachia sauti yake. Leo ndiyo siku yake ya mwisho. Tumpigie makofi."

Kamera ilikuwa imemkazia usoni. Sura yake ilijaa ukuta mzima, kubwa kuliko alivyowahi kuiona kwenye kioo chochote, na watu wakaona jinsi mdomo ulivyoanza kucheza, jinsi alivyojaribu kuubana kwa meno, jinsi ulivyomshinda. Makofi yalikuja kutoka kila kituo, yakipishana kidogo.

"Mnamwona vizuri huko?" meneja aliuliza vituo.

"Tunamwona!" vikajibu.

"Hata chozi?"

"Hata chozi, bosi! Picha safi kabisa!"

Wageni waliandika kitu. Mmoja aliuliza kasi ya mtandao ni kiasi gani, na fundi akamjibu, akiwa ameukazia macho mkeka.

Karani wa Kituo cha Juu peke yake ndiye aliyezima kidirisha chake. Baadaye aliandikiwa onyo.

Mama Redio alikuwa na mama yake mzazi, bibi aliyeishi peke yake mbali na mji, mwendo wa nusu siku kwa basi, na ng'ombe mmoja na macho yaliyokuwa yanaingia ukungu. Jirani alikuwa amemtengenezea simu yake ndogo: akibonyeza kitufe kimoja kikubwa cha katikati, inapiga kazini kwa mwanawe moja kwa moja. Bibi aliipenda namba hiyo kuliko ya simu ya mkononi, kwa kuwa ya mkononi ilizimwa saa za kazi kwa amri ya ofisi, na hii ya ofisi ilipokelewa papo hapo. "Shikamoo, mama," mwanawe alikuwa anasema kabla hata ya kuambiwa ni nani, na bibi anajibu "Marahaba, mwanangu, nilitaka tu kukusikia," na simu inakatwa. Basi.

Bibi hakuambiwa kwamba kazi ya mwanawe imekwisha.

Angeambiwaje? Kijiji kizima kilijua kwamba mtoto wake ndiye anayeongea kwa niaba ya kampuni. Bibi alijisifu kisimani, dukani, kila mahali. Mama Redio alipata kibarua cha kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, mikono ikachubuka kwa sabuni, na kila jioni alimpigia mama yake na kusema kazi ni nzuri, tena siku hizi ni nyepesi kwa sababu ya mtandao.

"Lakini usinipigie ofisini mchana, mama. Siku hizi kuna shughuli nyingi. Nitakuwa nakupigia mimi jioni."

"Sawa, mwanangu. Sitaki kukuharibia kazi."

Kila alipokwenda kumsalimia alikusudia kubadilisha kile kitufe. Ilikuwa ni kubonyeza mara chache tu. Lakini bibi angeuliza kwa nini, na yeye angelazimika kusema, kwa hiyo aliirudisha simu mezani na kusifia chai.

Siku moja ya baridi, simu ya jioni haikujibiwa. Alipiga, ikaita mpaka ikakatika. Kesho yake vivyo hivyo. Akapata basi. Alifika na kukuta watu uani, ng'ombe akilia kwa kiwele kilichojaa, na jirani akimjia mikono kichwani. Bibi alikutwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, kitenge mabegani, simu mapajani.

Wakamzika. Watu walimsifu binti kwa kazi yake nzuri mjini.

Alipokuwa bado pale kijijini, akipanga vyombo vya marehemu, alipigiwa simu na karani wa Kituo cha Juu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyevua kofia.

"Pole sana, dada yangu. Pole sana. Nimeisikia ile ya mama yako, nimeshindwa kula."

"Ile ipi?"

Karani akaulizia mazishi.

"Karani, ile ipi?"

"Nilidhani wamekupigia," alisema. "Ipo kwenye kundi la wafanyakazi. Ujumbe alioacha. Kumbe ile simu ya mengineyo haikupangiwa mtu wa kusikiliza. Juzi walikuwa wanasafisha mfumo, wakaukuta."

"Nitumie."

"Dada, usi..."

"Nitumie."

Ulifika kwa kufumba na kufumbua, kijijini kabisa, bila mkwaruzo wowote. Alikaa jikoni kwenye kigoda akabonyeza.

Kwanza alisikia pumzi. Kisha mama yake: "Mwanangu, ni mimi. Samahani, uliniambia nisipige. Kifua kinanibana tangu alfajiri, na jirani amekwenda sokoni. Hapana, sitaki kubonyeza, mwanangu, vitufe sivioni. Nisikilize kidogo." Pumzi tena, ndefu. "Mbona hunijibu? Una watu mbele yako? Haya, najua uko kazini. Mtume mtu yeyote aje, hata wale wa malori. Mimi nangoja hapa mlangoni."

Ikafuata sauti nyingine, nzito na laini, iliyovaa gauni la kijani: "Asante kwa kupiga simu. Ujumbe wako ni muhimu kwetu. Tutakufikia muda mfupi ujao."

"Haya, asante, mwanangu," alisema bibi. Akakata.

Wanaomjua wanasema hakulia siku hiyo. Alikwenda akamkamua ng'ombe, akamwaga maziwa yote kwenye mtaro, akaoga, akapanda basi.

Meneja Mkuu alimpokea wima. Ofisi yake ilikuwa imepakwa rangi mpya.

"Tumehuzunika sana," alisema. "Kila mtu hapa amehuzunika."

"Kila mtu amesikiliza."

"Hilo la kusambazwa halikuwa agizo langu."

"Nimekuja kuomba jambo moja, bosi. Itoeni sauti yangu."

Meneja aliketi. Alionekana kama mtu anayeombwa atoe msumari kwenye ukuta wa jirani. "Ile sauti ni mali ya kampuni. Uliirekodi saa za kazi, kwa vifaa vya kazi. Na kuibadilisha ni shughuli."

"Mama yangu alikufa akiniomba mimi msaada, nami nikamwambia ni muhimu kwetu."

"Naelewa uchungu wako." Akajikuna kidevu, akatafuta la kusema, na hili ndilo alilolipata: "Lakini tuwe wakweli. Mfumo haukukosea. Ujumbe ulipokelewa, tena vizuri. Enzi za redio yako hata huo usingekuwepo."

Mama Redio alisogea hadi mezani kwake. Inasemekana meneja alisogeza kiti nyuma kidogo. Lakini Mama Redio hakumfanya kitu. Alitoka, akapita mapokezi, ambako sasa kulikuwa na ua la plastiki badala ya mtu, akaenda zake.

Sauti ilikaa mwaka mzima na ushei, kisha ikaondolewa. Hakuna aliyemkumbuka yeye wala bibi. Kampuni ilikuwa imebadilisha nembo, na mshauri wa matangazo alisema sauti ile ni ya mtu mzima mno. Wakamweka msichana anayetangaza dawa za meno. Meneja alipandishwa cheo. Kampuni ilipata tuzo ya mawasiliano bora, na kwenye picha ya tuzo yuko yeye na wajumbe wa bodi.

Mama Redio, tangu siku ile, hakurudi tena mjini. Alihamia kwenye nyumba ya mama yake, akabaki na ng'ombe yule yule, akilima kidogo na kufuga. Pale kijijini wanamwona mtu wa maneno machache, na wengine wanadhani ana maringo ya mjini. Simu anayo, ila huwa imelala kabatini. Mawimbi ya mnara yalipofika hadi huko, kampuni ikafungua kituo cha kukusanyia maziwa karibu na barabara, na wanakijiji wote wakajisajili. Yeye hakujisajili. Maziwa yake anawauzia walimu wa shule.

Asubuhi moja jirani yake, yule yule aliyekuwa amekwenda sokoni, alikuja mbio, khanga imemvuka. Mtamba wake alikuwa anazaa, na ndama amekaa vibaya. Simu yake haikuwa na chaji.

"Dada, nisaidie. Piga kampuni, walete daktari wa mifugo. Nakuomba."

Alisimama na ndoo mkononi. Jirani baadaye alisimulia kwamba alidhani atakataa, maana uso ulimwisha damu. Lakini aliitua ndoo, akaingia ndani, akafungua kabati. Simu ilichukua muda kuwaka. Akapiga ile namba. Msichana wa dawa za meno akamkaribisha, na kabla hajamaliza kutoa maelekezo yake, Mama Redio alikuwa ameshabonyeza anapotakiwa kubonyeza, kisha akataja namba ya usajili ya jirani.

Daktari alifika kwa pikipiki, maji ya chai ya jirani yakiwa bado moto. Mahali alikuwa ameonyeshwa na simu yake, hakuuliza njia hata kwa mtu mmoja. Alivua shati, akapaka mkono sabuni hadi begani, akaingiza. Mama Redio alimshikia mtamba mkia. Ndama alitoka akiwa hai, majimaji, anatetemeka, na jirani akapiga vigelegele, akawaombea baraka wote walioleta mtandao, wao na watoto wao.

"Ulipiga mapema, mama," daktari alimwambia Mama Redio, akinawa. "Ingepita robo saa tu tungezika wawili. Umeona sasa faida ya simu?"

"Nimeona," alisema.

Akammiminia maji mengine mikononi, kwa sababu damu ilikuwa bado imemganda kwenye kiwiko, akashika njia ya nyumbani kwake kwenda kumaliza kukamua.